Namba ya gari ya dirham milioni 55: mnunuzi amenunua nini?

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wetu wa mjini wamekuwa wakiniuliza baada ya darsa, lipo moja ambalo baadhi ya wazee hulicheka. Linahusu namba za magari. Je, inafaa Muislamu kulipa mamilioni ya shilingi ili kibao cha gari lake kiandikwe jina lake, badala ya namba ambayo angepewa kwa zamu kama watu wengine?

Mimi silicheki swali hili. Ndani yake limo suala la israfu, limo suala la kujionesha, na kama tutakavyoona huko mbele, limo pia suala la sadaka, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Basi leo tulitazame kwa utulivu, na tuanze na hesabu kabla ya kufika kwenye hukumu.

Hapa Tanzania gari la mtu binafsi husajiliwa kwa herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Huchagui, unapewa iliyofikiwa. Anayetaka jina lake, au la mkewe, au la biashara yake, huomba Mamlaka ya Mapato na kulipa ada maalumu. Ada hiyo ilikuwa shilingi milioni 5, na katika bajeti ya mwaka 2016/17 Serikali iliipandisha hadi milioni 10 kwa kila kipindi cha miaka mitatu. Yaani hununui jina, unalipangisha. Muda ukiisha unalipa tena.

Tuchukue kiwango hicho cha 2016. Milioni 10 kwa miaka mitatu ni zaidi ya shilingi 270,000 kwa mwezi, na zaidi ya shilingi 9,000 kwa siku, gari likitembea au likiwa limelala kwa fundi. Hapo hatujataja bima, mafuta wala matairi. Gari haliendi vizuri zaidi kwa sababu ya kibao hicho, wala halinywi mafuta kidogo. Na kwa wanaojua hesabu ya zaka, asilimia mbili na nusu ya shilingi milioni 400 ni shilingi milioni 10. Kwa hiyo kibao kile ni sawa na zaka ya mwaka mzima ya mtu mwenye akiba ya milioni 400. Nimekaa kwenye kamati za misikiti, na watu niliowaona wakitoa zaka ya milioni 10 kwa mkupuo hawafiki vidole vya mkono mmoja. Vibao vya majina nimeviona vingi zaidi ya hivyo katika wiki moja, kati ya Mwenge na Posta.

Sasa kwa nini watu wanavipenda? Tusiwe wepesi wa kusema ni majivuno tu tukamaliza. Mvuto wake una sababu, na sababu yenyewe imetoka kwetu sisi tunaotazama.

Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba ile herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho imegeuka kuwa cheo. Ilipofika namba C, wenye namba A wakaanza kuitwa wenye magari ya zamani. Ikaja D, na mtu akawa haulizwi tena gari lake ni la aina gani, anaulizwa ni namba gani. Ikafuata E. Watu wamechumbia kwa namba D na wamekopeshwa kwa namba D. Lakini herufi hiyo inaeleza jambo moja tu, nalo ni lini gari lilisajiliwa hapa nchini. Gari ambalo limeshatembea Japani miaka kumi na mbili likashushwa bandarini jana litapewa herufi mpya kabisa, na lile lililonunuliwa likiwa jipya miaka mingi iliyopita litabaki na herufi yake ya kizee. Tumekubaliana mji mzima kuheshimu kitu ambacho hakina maana tunayokipa.

Katika hali hiyo jina kwenye kibao ni njia ya kujitoa kwenye mashindano ya herufi. Gari lenye jina halina umri. Jirani hajui kama ni A au E, anachojua ni kwamba mwenyewe ana pesa ya kulipia. Uingereza, ambako Serikali imekuwa ikiuza namba za kupendeza tangu 1989, sheria inakataza kuweka namba itakayolifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Wameona humo kuna udanganyifu. Kwetu jina halisemi uongo kuhusu umri wa gari, linanyamaza tu, lakini wapo wanaolipia ukimya huo huo.

Yapo na mengine madogo. Mlinzi wa geti hufungua haraka akiona jina. Askari wa barabarani hufikiri mara mbili. Ingawa, niseme kwa kupita, mwenye jina naye hulipa gharama nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Gari lake likionekana Sinza saa sita ya usiku, kufikia alfajiri mtaa wote unajua lilikuwa limeegeshwa wapi. Mwenye namba ya kawaida anaweza kukana. Yeye atakana vipi?

Lakini vibao vyetu ni mchezo wa watoto ukivilinganisha na vya Ghuba. Ndugu zetu wanaokwenda Deira na Sharjah kufuata mzigo watakuwa wameviona. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu kibao huwa na jina la falme, alama ya kundi, na namba inayoweza kufika tarakimu tano. Kadiri tarakimu zinavyopungua ndivyo heshima inavyopanda. Watu wa kawaida wana tarakimu tano. Mwenye tatu hutazamwa, mwenye mbili hupishwa njia, na mwenye moja watu humpiga picha. Namba hizi fupi hupigwa mnada hadharani, watu wamekaa ukumbini kwenye hoteli kubwa, dalali anaita bei.

Mwaka 2007 namba 5 ya Abu Dhabi iliuzwa dirham milioni 25.2. Februari 2008 namba 1 ya huko huko ilinunuliwa na mfanyabiashara kijana kwa dirham milioni 52.2, zaidi ya dola milioni 14 za Marekani. Mwaka 2016 kibao cha Dubai chenye D 5 kilikwenda kwa milioni 33. Kisha Aprili 8, 2023, katikati ya mwezi wa Ramadhani, kibao P 7 cha Dubai kilianza kuitwa kwa dirham milioni 15 na kikaishia milioni 55. Hizo ni karibu dola milioni 15. Rekodi ya Abu Dhabi iliyokuwa imekaa miaka 15 ikavunjwa.

Wala tusidhani ni maradhi ya Waarabu peke yao. Hong Kong, mwaka 2016, namba 28 iliuzwa dola za huko milioni 18.1, kwa sababu ikitamkwa kwa Kikantoni inafanana na maneno ya kufanikiwa kwa wepesi. Uingereza mwaka 2014 kibao 25 O kilinunuliwa kwa pauni 518,000, kikafungwa kwenye gari la Ferrari aina ya 250. Tamaa hii haina dini wala kabila. Tofauti ni kwamba sisi tumepewa kitabu kinachoieleza.

Turudi kwenye kichwa cha makala. Mtu aliyelipa milioni 55 amenunua nini hasa? Hakununua gari. Hakununua bati, maana bati ni lile lile. Tarakimu 7 iko wazi kwa kila mtu, mtoto wa darasa la kwanza anaiandika bure. Ukichunguza utaona kitu pekee alichonunua ni kwamba mwingine hatakuwa nayo. Kama kila gari la Dubai lingeruhusiwa kubeba P 7, bei yake ingekuwa sifuri siku hiyo hiyo. Thamani yote imo katika kukosa kwa wengine, na katika kuona kwao kwamba wamekosa.

Hili ndilo linalonifanya nitofautishe kibao na gari lenyewe. Wapo wanaofikiri Uislamu unachukia vitu vizuri. Sivyo. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipokemea kibri, mtu mmoja alimuuliza kuhusu mtu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi gari zuri lina manufaa hata ukiwa peke yako jangwani. Kiti chake kinakupumzisha mgongo, kipoza hewa chake kinakuondolea joto. Lakini kibao cha P 7 ukiwa nacho peke yako jangwani kitakufaa nini? Kinahitaji watazamaji ili kiwe na maana.

Tazama Suratul Hadid, aya ya 20. Humo Mwenyezi Mungu anayataja maisha ya dunia kwa sifa zake: mchezo, pumbao, pambo, kujifakharisha, na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Wenye kufahamu Kiarabu watazame neno lililofuatishwa baada ya kujifakharisha tu. Limeongezwa neno lenye maana ya "baina yenu". Pambo linaweza kuwa la mtu peke yake, lakini fahari haikamiliki mpaka awepo wa kufanyiwa. Zaidi ya miaka 1,400 kabla ya mnada ule, aya imeshaeleza bei ya namba inatoka wapi.

Na iko hadithi ya Ibn Umar (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah, inayomuonya anayevaa vazi la umaarufu kwamba Siku ya Kiyama atavishwa vazi la udhalili. Wanazuoni wameeleza kuwa ni vazi ambalo mtu hulivaa ili anyooshewe vidole, liwe la thamani sana au hata la kimasikini ili asemwe mchamungu. Sioni kwa nini vazi la gari liwe na hukumu nyepesi kuliko vazi la mwili.

Mimi si mufti, na sisemi kwamba kila mwenye jina kwenye gari ana kibri. Nia ziko vifuani. Mwenye biashara anayeandika jina la duka lake ili wateja waligundue ana hoja yake, kama vile mwenye kibao juu ya mlango wa duka. Ninachosema ni kwamba mwenye jina lake binafsi ana kazi nzito ya kujieleza mbele ya nafsi yake, maana ni vigumu kupata manufaa mengine ya kibao hicho ukitoa macho ya watu.

Hapa yabidi niguse namba moja inayotuhusu sisi zaidi, nayo ni 786. Wengi wetu tunaijua. Huandikwa juu ya barua, kwenye vioo vya mabasi na milango ya maduka, na kwenye minada ya namba huko India hutafutwa sana. Asili yake ni hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Ukijumlisha herufi za Bismillahir Rahmanir Rahim utapata hivi: bismi ni 102, Allah ni 66, ar-Rahman ni 329, ar-Rahim ni 289. Jumla 786. Hesabu ni sahihi, lakini jumla ya herufi si maneno. Ukijumlisha herufi za jina la mtu hupati mtu. Barua ya Nabii Sulaiman (a.s.) kwa malkia wa Saba, iliyotajwa katika Suratun Naml, ilianza kwa Bismillahi kwa ukamilifu wake, na Mtume (s.a.w.) aliwaandikia wafalme hivyo hivyo, akiwemo Heraclius wa Roma. Hakuna aliyeandika tarakimu. Sasa mtu anapolipa ziada ili apate kibao cha 786 akiamini gari halitapinduka, ajue ameshatoka kwenye fahari na ameingia kwenye jambo kubwa zaidi, kwa sababu anaitegemea tarakimu kwa kinga ambayo haimiliki. Bismillahi kamili haina ada, na husomwa kabla ya kuwasha gari.

Wapo pia wanaosema namba ni uwekezaji. Kwamba huko Ghuba mtu hununua leo kwa milioni moja na kuuza kesho kwa mbili. Ni kweli namba nyingi zimepanda bei. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikubali kwamba jina la biashara, alama ya biashara na haki ya mtunzi ni mali yenye thamani inayolindwa. Lakini vitu hivyo nyuma yake kuna jasho. Jina la duka lina thamani kwa sababu mwenye duka alikuwa mwaminifu miaka 20. Tarakimu 7 haina jasho la mtu, na anayeinunua anategemea tu kwamba kesho atatokea mwenye kiu ya kutazamwa kuliko yeye. Na kwa hapa kwetu hoja hiyo haisimami kabisa, kwani jina lako wewe nani atalinunua?

Sasa nifike kwenye lile gumu. Minada mikubwa niliyoitaja, wa Abu Dhabi 2008 na wa Dubai 2023, yote ilikuwa ya hisani. Fedha za 2008 zilikusudiwa kituo cha tiba cha majeruhi wa ajali za barabarani. Fedha za 2023 zilikwenda kwenye waqfu wa milo bilioni moja, kampeni iliyoanzishwa na mtawala wa Dubai kulisha wenye njaa katika nchi mbalimbali. Kijana atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama mtoto mwenye njaa amekula kwa sababu tajiri alitaka P 7, ubaya uko wapi? Na hapa kwetu ada si inaingia hazina ya Serikali, ikajenga barabara?

Mwenye njaa hatulizi nia ya aliyemlisha. Amekula, alhamdulillahi. Aliyepanga mnada naye ameijua tabia ya watu, akaitoza kodi, na kodi ikawafikia masikini. Sina neno kubwa la kumlaumu. Lakini hesabu ya mnunuzi ni nyingine. Katika Suratul Baqarah aya ya 271 tumeelezwa kwamba sadaka ya wazi ni njema, na ya siri kwa masikini ni bora zaidi. Kwa hiyo uwazi peke yake si dhambi. Siku ya maandalizi ya Tabuk, Uthman (r.a.) aliligharimia jeshi mbele ya watu wote. Na imepokewa kwamba Umar (r.a.) alileta nusu ya mali yake akidhani leo atamshinda Abu Bakr (r.a.), kumbe Abu Bakr alikuja na yote. Yalikuwa mashindano, tena ya hadharani. Lakini Abu Bakr hakurudi nyumbani na kibao. Alitoa, na hakuchukua kitu cha kumkumbusha mtu wa Madina kwamba alitoa.

Mwenye namba yeye amebadilishana. Ametoa fedha na amepokea bidhaa aliyoitaka, tena kwa bei iliyopatikana kwa kumshinda mwenzake. Tuseme bei ya haki ya kibao kile ni milioni 50, na yeye akalipa 55. Basi labda milioni tano zina harufu ya sadaka, na hamsini ni biashara. Nani atazitenganisha? Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) kwa Imam Muslim, kuhusu watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa, mmoja wao ni mtoaji wa mali. Ataambiwa alitoa ili asemwe mkarimu, na alishasemwa. Yaani ujira wake alishaupokea duniani, hadai kitu.

Ama ada ya kwetu kuingia hazina, hiyo ni kodi halali na anayelipa asidharauliwe. Lakini asiiite sadaka. Suratul Israa, aya ya 26, kabla ya kukataza ubadhirifu imetanguliza haki ya jamaa wa karibu, kisha masikini, kisha msafiri. Mpangilio huo tuuzingatie. Unapoviona vibao vya majina kwenye maegesho ya msikiti, na ndani kuna mtoto wa dada wa mmoja wao amekosa nauli ya chuo, aya imeshapindukiwa kwa mpangilio wake.

Nimalizie na jambo moja la mnada wa 2023 ambalo limenikaa akilini. Aliyeshinda P 7 aliomba jina lake lisitajwe, na usiku ule halikutajwa. Nimelitafakari sana. Kama kibao kile amekifungia kwenye sanduku, gari lake likaendelea kutembea na tarakimu zake tano, basi huenda mtu huyo ametoa dirham milioni 55 kwa siri, tena mbele ya kamera, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana. Na kama amekifunga kwenye gari, basi aliyesimama nyuma yake kwenye taa nyekundu pale Barabara ya Sheikh Zayed ameshasoma kila kitu.